Ziwa la Mama na Unene wa Mtoto

Katika nyumba zetu nyingi hakuna sifa impendezayo mama kuliko kuambiwa ya kwamba mtoto wake amenenepa. Mgeni akiingia, hata kabla hajakaa kitako, humpokea mtoto, humpima uzito kwa mikono yake, akasema, "Huyu kweli ananyonya!" Naye mama hufurahi, maana sifa ile ni sifa yake yeye. Wala si ajabu. Wazee wetu waliona miaka ya njaa, na surua, na kuhara; waliona mtoto mwembamba akiugua siku tatu akafa, na mtoto mwenye mwili akiugua vile vile akapona. Kwa hiyo unene wa mtoto ukawa kama akiba iliyowekwa ghalani. Hatuwacheki wazee kwa neno hili, kwa kuwa walisema waliyoyaona kwa macho.

Lakini siku hizi akiba imelizidi ghala. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu ya kwamba katika mwaka 2022 watoto wapatao milioni 37 walio chini ya miaka mitano walikuwa na uzito uliopita kiasi. Karibu nusu yao waliishi Asia. Na katika Afrika hesabu yao imepanda kwa karibu asilimia 23 tangu mwaka 2000. Mtoto aliye mnene kupita kiasi akiwa na umri wa kwenda shule, mara nyingi hubaki hivyo hata utu uzima, na pamoja na unene huja kisukari, na shinikizo la damu, na maumivu ya magoti, maradhi ambayo zamani tuliyaita ya wakubwa na matajiri.

Basi watu wameuliza, Je, mtoto anyonyeshwaye ziwa la mamaye huepushwa na unene huu? Wako wajibuo "Naam" kwa sauti kuu, wakimtisha mama asiyenyonyesha. Na wako wajibuo "Hapana", wakauza makopo yao. Tumeona vema kuieleza habari hii taratibu, maana hunenwa kwa ufupi mno, na ufupi huo umewaumiza akina mama wengi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yasichanganyike. Mtoto wa miezi minne anyonyaye tu, mwenye mashavu ya kujaa na mikunjo mapajani, si mgonjwa, wala haifai mtu amnyime ziwa kwa kuogopa unene wake. Watoto wa ziwa hunenepa upesi katika miezi ya kwanza, kisha hupunguza mwendo wenyewe. Unene tunaousema hapa ni ule uonekanao baadaye, mtoto akiwa na miaka mitano, sita, kumi, hali mwili umekwisha kuzoea kupokea zaidi ya unavyotumia.

Habari iliyowashtua waganga ilitoka Bavaria, jimbo la kusini ya Ujerumani. Huko watoto wote hupimwa afya kabla ya kuingia shule. Katika upimaji wa mwaka 1997 wazazi walipewa karatasi ya maswali: mtoto huyu alinyonyeshwa? kwa muda gani? hula nini? nyumbani wapo wavutao tumbako? Rüdiger von Kries na wenzake wakachukua habari za watoto 9,357 wa miaka mitano na sita, wakaziweka pamoja na uzito na kimo cha kila mmoja, na mwaka 1999 wakaichapa kazi yao katika jarida la waganga wa Uingereza.

Tazameni hesabu yao, maana imepangika kama ngazi. Katika watoto elfu moja wasionyonyeshwa kamwe, 45 walikuwa wanene kupita kiasi. Katika elfu moja waliopewa ziwa peke yake kwa muda usiozidi miezi miwili, walikuwa 38. Kwa miezi mitatu hata mitano, 23. Kwa miezi sita hata kumi na miwili, 17. Na waliopita mwaka mmoja walikuwa 8 tu. Mtu akiiona ngazi kama hii, mara moja atasema, "Neno limekwisha, ziwa ndilo dawa." Ndivyo walivyosema wengi, na picha za kuhimiza kunyonyesha zikaandikwa hivyo katika nchi mbalimbali.

Lakini mkulima mwangalifu angeuliza neno jingine. Apandaye mapema kwa mvua za kwanza, mara nyingi ndiye apaliliaye mapema, ndiye mwenye jembe zima na samadi ya ng'ombe. Akivuna magunia ishirini na jirani yake akavuna kumi, tutasema ni mbegu tu iliyomtajirisha? Katika Ulaya ya siku zile, akina mama walionyonyesha muda mrefu walikuwa mara nyingi ndio waliosoma zaidi, wasiovuta tumbako, wenye nafasi ya kupika mboga na kuwatoa watoto nje wakacheze. Watafiti wa Bavaria waliyajua hayo, wakajitahidi kuyaondoa katika hesabu, na hata hivyo tofauti ikabaki. Ila hesabu huondoa yale tu yaliyoulizwa. Yasiyoulizwa hubaki yamejificha ndani.

Njia ya kulijua jambo kwa hakika ni kupiga kura, kama wafanyavyo waganga wakitaka kujua dawa hii na ile ipi ni bora. Lakini nani awezaye kumwambia mama, "Kura imekuangukia wewe usinyonyeshe"? Haifai kamwe. Basi Michael Kramer, mganga wa watoto wa Montreal katika Kanada, alifikiri shauri jingine pamoja na wenzake wa Belarus. Hawakuwapigia kura akina mama, bali hospitali. Zilikuwa hospitali za uzazi 31 pamoja na kliniki zake. Katika zile zilizoangukiwa na kura, wakunga na waganga walifundishwa upya namna ya kumsaidia mama: kumpakata mtoto vizuri, kumwanzishia ziwa mapema, kumtia moyo maziwa yakichelewa. Nyingine ziliendelea na desturi yao ya siku zote. Watoto 17,046 wakaingia katika kazi hiyo miaka ya 1996 na 1997.

Mafundisho yale yalizaa matunda upesi. Mtoto alipofika miezi mitatu, katika hospitali zilizofundishwa akina mama 43 katika mia walikuwa wakinyonyesha ziwa peke yake. Katika hizo nyingine walikuwa 6 tu katika mia. Mwaka wa kwanza, watoto wa upande wa kwanza walioharishwa na maradhi ya tumbo walikuwa 9 katika mia, na wa upande wa pili 13. Pele za ukurutu pia zilipungua karibu nusu. Hiyo ni faida isiyobishaniwa, na katika nchi ambayo maji ya kisima hayaaminiki faida hiyo ni uhai wenyewe.

Kisha wakangoja. Watoto wakakua, wakaenda shule, na walipotimiza miaka kumi na mmoja na nusu walipimwa tena, karibu watoto elfu kumi na nne. Habari yao ilichapwa mwaka 2013. Unene haukupungua. Watoto wa upande ule walikuwa sawasawa na wa upande huu, wala haikuonekana dalili ya kinga.

Mtaona jinsi habari hii ilivyowafadhaisha watu. Wengine waliikataa, wengine wakafurahi kwa sababu za biashara. Sisi twaona haifai kuikataa wala kuizidisha. Kumbukeni ya kwamba akina mama wote wa Belarus walioingizwa katika kazi ile walikuwa wameanza kunyonyesha. Waliolinganishwa ni walionyonyesha zaidi na walionyonyesha kidogo. Hawakulinganishwa watoto wa ziwa na watoto wa chupa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo Belarus imetuonyesha ya kwamba kurefusha siku za ziwa peke yake hakutoshi kumlinda mtoto na unene. Haikutuonyesha ya kwamba chupa na ziwa ni mamoja.

Na bado hesabu za namna ya Bavaria zaendelea kuja. Mwaka 2019 zilitolewa habari za nchi 22 za Ulaya, watoto karibu elfu thelathini: wasionyonyeshwa kamwe, wanene kupita kiasi walikuwa 168 katika elfu; walionyonyeshwa muda fulani, 132; walionyonyeshwa miezi sita au zaidi, 93. Mashahidi hawa wawili, mmoja wa kura na mmoja wa maswali, hawajapatana, na mwandishi anaona ni heri kuwaacha wote wawili wazungumze kuliko kumziba mmoja mdomo. Akisema mtu ya kwamba ziwa hupunguza hatari kidogo kwa mtoto ambaye angelishwa chupa tangu mwanzo, hatumpingi. Akisema ya kwamba mama aliyeshindwa kunyonyesha ndiye aliyemnenepesha mwanawe, huyo amesema neno lisilo na ushahidi.

Lakini lililo na manufaa zaidi nyumbani ni kujua katika kunyonyesha kuna nini kiwezacho kufanya kazi hiyo. Maana tukikijua, hata mama mwenye chupa aweza kukichukua.

La kwanza ni kipimo. Mtoto aliye ziwani ndiye mwenye kupima. Hunyonya kwa nguvu, hupumzika, huanza tena polepole, kisha huachia chuchu mwenyewe na kugeuza kichwa. Mama hawezi kuona amekunywa kiasi gani, na kutokuona huko ni neema, maana hana la kulazimishia. Chupa ina mistari ubavuni. Mama aona ya kwamba imebaki sehemu ya robo, na maziwa yamenunuliwa kwa fedha. Basi humtikisa mtoto, humgusa shavu, humrudishia chuchu ya mpira kinywani mpaka chupa iwe tupu. Ni nani kati yetu ambaye hajaliona jambo hili? Katika Marekani watafiti waliandika mwaka 2010 habari za watoto wapatao 1,250 waliofuatwa mwaka wao wa kwanza. Wale waliolishwa ziwani tu katika miezi ya mwanzo, walipopewa chupa au kikombe baadaye, 27 katika mia ndio waliomaliza vyote. Waliochanganyiwa walikuwa 54. Waliozoezwa chupa tu, 68. Tena ilikuwa vivyo hivyo hata kama kilichokuwamo chupani ni maziwa ya mama mwenyewe yaliyokamuliwa. Basi si maziwa tu, bali ni mwendo wa kulisha: mtoto amefundishwa ya kwamba mwisho wa kula ni mwisho wa chombo.

La pili ni protini, yaani kile kijengacho nyama ya mwili. Maziwa ya mama yana protini kama gramu moja katika mililita mia. Maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya mara tatu ya hiyo, nayo ni haki yake ndama, ambaye hana budi kukua upesi asimame na kundi. Maziwa ya kopo ya watoto hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa, lakini kwa muda mrefu mengi yake yalibaki na protini kupita ya mama. Mganga mmoja wa München, Berthold Koletzko, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, Italia, Poland na Hispania, walipiga kura tena. Watoto zaidi ya elfu moja waliokuwa wakilishwa kopo walipewa, wengine lenye protini nyingi, wengine lenye protini chache iliyokaribia ile ya mama. Walipopimwa wakiwa na miaka sita, wanene kupita kiasi katika kundi la kwanza walikuwa kumi katika mia; katika kundi la pili wanne na kidogo. Habari hiyo ilitoka mwaka 2014. Hapo kura zimesema wazi, nasi twajifunza ya kwamba kumkuza mtoto mbio mbio si kumtakia heri. Na wale wampao mtoto wa miezi miwili maziwa ya ng'ombe matupu, wakidhani yamemfaa kwa sababu amevimba mashavu, wajue ya kwamba maziwa hayo hayakuumbiwa figo zake wala tumbo lake. Waganga hukataza yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja.

Sasa tufike penye neno ambalo kwa maoni yetu limeleta madhara makubwa kuliko yote, nalo ni kadi ya kliniki. Kila mama aijua: karatasi yenye mistari ipandayo, na nukta inayowekwa mtoto akishushwa mzanini. Wachache wajua mistari ile ilitoka wapi. Kwa muda wa karibu miaka thelathini, mpaka mwaka 2006, nchi nyingi za dunia zilitumia mistari iliyochorwa Marekani, na ile ya watoto wachanga ilitoka katika mji mdogo wa Yellow Springs, jimbo la Ohio, kwa watoto waliopimwa kati ya mwaka 1929 na 1975. Wengi wao walilelewa kwa chupa. Basi mtoto wa Tanga au wa Kisumu, anyonyaye vizuri ziwa la mamaye, alilinganishwa na mtoto wa chupa wa Ohio! Miezi miwili mitatu ya kwanza alimpita. Kisha, kwa kuwa watoto wa ziwa hupunguza mwendo, mstari wake ulianza kulala. Muuguzi akaona kadi, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, mtoto wako anarudi nyuma." Mama akarudi nyumbani na hofu.

Na nyumbani alimkuta mkwewe, nayo mazungumzo yalikuwa kama yasikiwavyo mpaka leo:

"Mwanangu, nilikuambia. Maziwa yako mepesi, kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto huyu hashibi. Mkorogee uji kidogo, alale."

"Lakini mama, si walisema mpaka miezi sita?"

"Hao walisema. Mimi nimelea saba. Mumeo mwenyewe alikula uji kabla ya arobaini yake kuisha, na tazama, si huyo anakupiga kivuli mlangoni?"

Nani angeweza kumjibu bibi huyu, hali na kadi yenyewe imemshuhudia? Uji ukakorogwa, na sukari ikatiwa ili mtoto aupende. Mtoto alipojaa uji akapunguza kunyonya. Na ziwa ni kama kisima cha mchangani, lisipochotwa hupungua. Mwezi ukaisha, maziwa yakawa machache kweli, na bibi akaonekana nabii.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilikuja kulitambua kosa la kipimo. Kuanzia mwaka 1997 hata 2003 watoto kama 8,440 walipimwa katika miji sita: Pelotas ya Brazil, Accra ya Ghana, Delhi ya India, Oslo ya Norway, Davis ya California, na Maskati ya Omani, ambako wako wengi wenye kusema Kiswahili nyumbani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, wa akina mama wasiovuta tumbako, wasio na dhiki ya kuwazuia kukua. Wakaona ajabu: watoto wa miji hiyo sita, weusi kwa weupe, walirefuka karibu sawasawa. Mistari mipya ikatolewa mwezi wa Aprili mwaka 2006, na mtoto wa ziwa akawa ndiye kipimo. Kwa mistari hiyo, mtoto wa chupa anenepaye kupita desturi huonekana mapema, naye mtoto wa ziwa hasingiziwi tena udhaifu.

Basi enyi akina mama, mkienda kliniki, ulizeni si uzito tu bali na urefu. Mtoto mzito aliye mrefu kwa kadiri yake si sawa na mtoto mzito aliye mfupi. Na nukta moja haisemi neno. Tazameni mwelekeo wa nukta tatu au nne. Tena mtu akiwaambia maziwa hayatoshi, dalili za kutosha ni hizi: mtoto hukojoa mara sita au zaidi mchana na usiku, mkojo wake si wa njano iliyokolea, huachia ziwa ametulia, na uzito wake hupanda. Maziwa ya kwanza ya kila mnyonyo huonekana mepesi na ya rangi ya samawati. Ndivyo yalivyo kwa wanawake wote, wenye maziwa mengi na wenye machache. Mtoto anayelia hana njaa siku zote. Pengine ana joto, pengine amechoka kubebwa na wageni.

Ikitimia miezi sita, ziwa peke yake halitoshi tena, nalo laendelea pamoja na chakula hata miaka miwili na kuzidi. Na hapa ndipo, kwa maoni ya mwandishi, unene wa watoto wetu wa mjini unapoanzia hasa, hata kwa mtoto aliyenyonyeshwa vizuri. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya Belarus kuona watoto sawasawa: miezi michache ya mwanzo hufuatwa na miaka kumi ya chakula. Uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, ndizi iliyopondwa, maharagwe, dagaa wa kutwangwa, mchicha, yai, parachichi, ndivyo vyakula vya kumjenga. Lakini twaona mtoto wa miezi minane akishikishwa chupa ya soda garini ili anyamaze, na biskuti mkono wa pili, na maji ya matunda ya boksi ambayo ni sukari na rangi. Mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika wazi ya kwamba vinywaji vyenye sukari visipewe watoto wa miezi sita hata ishirini na mitatu. Wajomba na mashangazi waletao zawadi wangeambiwa hivyo kwa upole. Papai moja ni zawadi nzuri.

Kwa mama ambaye hanyonyeshi, ama kwa maradhi, ama kwa kuwa maziwa yalikatika, ama kwa mtoto yatima alelewaye na bibi yake, tumekwisha kusema ya kwamba asibebeshwe lawama. Achukue yale yaliyo mema ya ziwa ayatie katika kazi yake. Ampakate mtoto kifuani, asimwegemezee chupa mtoni. Atazame uso, si mistari ya chupa; mtoto akigeuza kichwa, akifumba kinywa, akilegeza vidole, amekwisha shiba, na kilichobaki kimwagwe. Unga wa kopo upimwe kwa kijiko chake kilichosawazishwa, usijazwe kichuguu kwa kutaka mtoto ashibe usiku, wala usipunguzwe kwa kutaka kopo lifike mwisho wa mwezi. Uji na sukari visitiwe ndani ya chupa. Na akina mama wenye virusi vya UKIMWI wasijiachishe wala kujiamulia wenyewe kwa maneno ya jirani, bali wafuate dawa zao na shauri la kliniki, maana mashauri ya miaka ya nyuma yamebadilika sana, nao wengi wao sasa hunyonyesha.

Makampuni ya makopo nayo yana sehemu yake katika habari hii. Wakati mmoja yaliwavika wanawake nguo nyeupe kama wauguzi, wakazunguka katika hospitali za uzazi wakigawa makopo ya bure. Kopo likiisha, na maziwa ya mama yamekwisha kukauka, ndipo bei ilipotajwa. Mwezi wa Mei mwaka 1981 mkutano wa afya wa mataifa yote ulipitisha kanuni ya kuzuia mambo hayo: nchi 118 zilikubali, moja tu ikakataa, nayo ni Marekani. Kenya iliweka sheria yake mwaka 2012, ikikataza matangazo na zawadi za namna hiyo. Iliyosaidia si sheria peke yake, ila matokeo yameonekana. Mwaka 2003 watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita waliopewa ziwa tu walikuwa 13 katika mia. Mwaka 2014 walikuwa 61.

Limebaki neno la mama mwenye kazi ya mshahara, na hili twawaambia akina baba na waajiri, kwa kuwa mama pekee hawezi kulimaliza. Shauri la miezi sita halipatani na likizo ya miezi mitatu. Tanzania Bara, sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kisha mama hurudi kazini, mtoto hana hata miezi mitatu. Wengi hapo ndipo wanunuapo kopo, si kwa kupenda. Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho wengi hawakijui, wala mabwana wao hawawakumbushi: mama anyonyeshaye ana haki ya kupewa nafasi ya kunyonyesha katika saa za kazi, hata kufikia saa mbili kila siku. Aweza kwenda nyumbani kama ni karibu, ama mtoto akaletwa, ama akakamua maziwa katika chombo safi yakanywewa kesho yake kwa kikombe. Kenya, sheria ya afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea, chenye mahali pa kunawia mikono na pa kuhifadhia maziwa kwa baridi. Tena imeandikwa ya kwamba chumba hicho kisiwe chooni. Sheria isingelitaja choo kama hakukuwa na akina mama waliokuwa wakiyakamua huko.